Nani, Wapi, na Ikawaje: Kumfundisha Mtoto Kukijua Kisa



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii tunawaletea akina mama na walezi jambo linaloonekana dogo, nalo si dogo: namna ya kumfundisha mtoto wa baina ya miaka mitatu na minane kuzitambua sehemu za hadithi. Yaani aweze kusema kisa kilikuwa cha nani, kilitukia wapi, palizuka shida gani, mambo yalifuatana vipi, na mwisho ukawaje.

Sababu ya kulileta ni darsa zilizotupeleka Kitui na Makueni, ambako wasomaji wetu wengi wana jamaa. Reli na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita Makueni, kuanzia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali mpaka Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Kitui nako misafara ya Wakamba na ya watu wa Pwani ilipishana tangu karne ya 19. Waislamu wa huko ni wachache, na nyumba zao nyingi ni za mchanganyiko: baba ametoka Pwani, mama ni Mkamba, ama wote wawili ni Wakamba walioupokea Uislamu. Mtoto wa nyumba hiyo husema Kikamba na susu wake, yaani nyanya yake, Kiswahili na mamake, Kiingereza shuleni, na madrasa husoma Kiarabu cha Qur'ani.

Akina mama wa huko walitueleza jambo ambalo hata mama wa Mombasa au Malindi atalitambua. Mtoto husikiliza hadithi kwa raha, macho yamemtoka. Lakini akiulizwa ilihusu nini, hujibu, "Kulikuwa na simba," kisha kimya. Na likimfika jambo njiani, hulieleza vivyo hivyo: hulia, hutaja jina moja, na asieleweke. Sisi tunaona mambo haya mawili ni jambo moja. Asiyejua kukipanga kisa cha sungura hataweza kukipanga kisa chake mwenyewe siku atakapokihitaji.

Kanzu ya Nabii Yusuf

Tuanze na kisa ambacho Qur'ani yenyewe imekiita kizuri kuliko visa vyote. Surat Yusuf ina aya 111, na humo kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kimesimuliwa kwa mfululizo tangu ndoto ya utotoni hadi kutimia kwake. Mwalimu wa watoto hapati mfano bora zaidi wa kuwaonyesha sehemu za kisa.

Tazameni kanzu tu. Mara ya kwanza ndugu zake wanaileta kwa baba yao ikiwa imepakwa damu ya uongo, wakidai kwamba Yusuf ameliwa na mbwa mwitu. Mara ya pili imepasuliwa, na shahidi anasema itazamwe imepasuka mbele au nyuma, ndipo ukweli ujulikane. Mara ya tatu inawekwa usoni pa Nabii Yakub (A.S.), na macho yake yanarudi kuona.

Wafasiri wameeleza kwamba kanzu ile ya kwanza ilikuja na damu lakini haikuwa imeraruliwa. Mnyama gani humla mtu akamwachia nguo nzima? Ndugu wale walitunga kisa chenye wahusika, chenye mahali na chenye mwisho, lakini sehemu moja haikuafikiana na nyingine, na baba akajua kwamba nafsi zao zimewashawishi. Na mtoto naye, akishazijua sehemu za kisa, hujua kuuliza ni ipi isiyolingana na zenzake. Siku zetu hizi, ambapo kila simu ya mkononi huleta habari zisizojulikana asili yake, swali hilo ni kinga. Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi kuhakiki huanzia utotoni, kwenye mkeka wa mama.

Kisa katika vidole vitano

Njia nyepesi ya kufundisha ni mkono wa mtoto mwenyewe, kwa kuwa hausahauliki nyumbani. Kidole gumba ni nani. Cha shahada ni wapi na lini. Cha kati, kilicho kirefu kuliko vyote, ni shida: mwenye kisa alitaka nini, na nini kilimzuia. Cha pete ni matukio: alifanya nini kwanza, kisha nini. Kidole cha mwisho ni mwisho wa kisa. Kiganja kinachovishika vyote ndilo funzo. Shuleni atakuja kuambiwa kuwa hivyo ni wahusika, mandhari, mgogoro, msuko na utatuzi. Majina hayo yatakuja kwa wakati wake; maana yake ataikuta mkononi.

Chukueni kisa cha fisi, kinachojulikana Pwani na bara, na ambacho methali yetu imekifupisha: njia mbili zilimshinda fisi. Fisi mwenye njaa alifika njia panda. Harufu ya nyama ikamjia kutoka njia ya kulia, na harufu nyingine kutoka njia ya kushoto. Hakutaka kuikosa hata moja. Akaweka miguu ya upande mmoja njia hii, na ya upande wa pili njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka njia zilipoachana mno, akapasuka.

Sasa mkono. Nani? Fisi. Wapi? Njia panda. Shida? Nyama ni mbili na yeye ni mmoja. Alifanya nini? Alitaka kuzifuata njia zote. Ikawaje? Alipasuka. Msikimbilie kiganja. Mama akiuliza "Funzo ni nini?" mara tu kisa kinapokwisha, mtoto hujibu kwa kubahatisha, "Tusiwe wabaya." Kwanza aulizwe, "Wewe ungekuwa fisi, ungefanyaje?" Akisema, "Ningekwenda kulia kwanza, halafu nirudi kushoto," amekwisha kulipata funzo, na amelipata kwa akili yake.

Mahali nako kuna kazi

Sehemu ambayo walezi huipita mbio ni mandhari. Wengi huuliza wapi, mtoto hujibu "msituni", basi yamekwisha. Lakini mahali ndipo panapolifanya jambo liwezekane. Kwa nini Yusuf aliokolewa kisimani? Kwa sababu msafara ulipita, na msafara huhitaji maji, ukamtuma mchota maji wake akateremsha ndoo. Lau ndugu zake wangemtupa pahali pasipo maji ya kutafutwa, nani angemfikia?

Mtoto wa Kitui hulielewa hilo upesi kuliko wa mjini. Yeye ameona mito ya mchanga ambayo wakati wa kiangazi haina maji juu, na watu huchimba mchangani mpaka wayafikie. Anajua kwamba penye maji ndipo watu hukutana. Mtoto wa Lamu au Mvita atakumbuka kisima cha msikiti. Kila mama na aanzie kwenye mahali anapopajua mwanawe, kisha amvushe: "Kisima hiki kilikuwa kirefu zaidi, na hakikuwa na mtu karibu." Hapo mtoto atahisi hofu ya Yusuf, na ataelewa kwa nini msafara ulikuwa ni rehema.

Hata hivyo, si kila kitu katika kisa kina uzito sawa. Surat al-Kahf inataja watu wakibishana juu ya idadi ya vijana wa pangoni, kisha inatuelekeza kwamba Mola ndiye aijuaye idadi yao. Basi msimchoshe mtoto kwa kumuuliza rangi ya kilemba na hesabu ya ngamia. Muulizeni lile ambalo likiondolewa, kisa huanguka.

Kiondo cha hadithi

Wanawake wa Ukambani ni mashuhuri kwa kusuka viondo vya katani, na nyumba nyingi hazikosi kimoja. Tieni ndani ya kiondo vitu vinne au vitano vya kisa kimoja: kipande cha kitambaa kiwe kanzu, kikombe kiwe ndoo ya kisimani, sarafu ziwe zile dirhamu chache alizouzwa kwazo, na suke la mtama liwe ndoto ya mfalme. Msimulieni mtoto kisa siku mbili tatu. Kisha mpeni kiondo. Atoe kitu kimoja kimoja, avipange juu ya mkeka kwa mfuatano wake, na aseme kila kimoja kilifika vipi. Akikosea mpango, msimwambie, "Sivyo." Mwambieni, "Hebu tuone, angeuzwaje kabla hajatolewa kisimani?" Atavipanga upya mwenyewe.

Umri nao utazamwe. Wa miaka mitatu na minne anatosheka na nani na wapi. Kwake Surat al-Fil, yenye aya tano, inafaa sana: tembo, ndege na mji wa Makka. Wa mitano na sita ataweza shida na mfuatano. Wa saba na minane aulizwe kwa nini, na aulizwe pia, "Nani anatusimulia, naye alijuaje?" Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, hutaka mtoto asikilize hadithi na aijibu. Aliyezoea nyumbani hatababaika darasani.

Hadithi za susu zisitupwe

Tuliulizwa na baadhi ya akina mama kama inafaa mtoto wa Kiislamu kusikia ngano za Kikamba, zenye wanyama wanaosema na mazimwi yanayomeza watu. Jibu letu ni kwamba Pwani nasi tuna ngano za aina hiyo, na tumelelewa nazo. Lililo wajibu ni mtoto ajue aina ya kisa alichokalia kusikiliza. Kisa cha Qur'ani ni kweli. Ngano ni ya kubuni, nayo huchukuliwa kwa hekima yake. Na iko hadithi ya mahali, kama ile ya jiwe kubwa la Nzambani karibu na mji wa Kitui, ambalo husemwa kuwa mwenye kulizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Mtoto na afundishwe kusema "wanasema" anapoisimulia hiyo. Neno hilo moja hutenganisha imani na masimulizi.

Msomi John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikuwa kasisi wa Kikristo, lakini alichofanya ni funzo kwetu sote: alizikusanya hadithi za watu wake, na mwaka 1966 zikatoka kitabuni kwa jina la *Akamba Stories*. Ni wangapi miongoni mwetu tumeandika hata hadithi kumi za nyanya zetu wa Pwani? Mtoto aliyejua sehemu za kisa ndiye atakayeweza kukihifadhi, maana ana mahali pa kukiweka.

Siku mtoto atakapokuwa na kisa chake

Tumeliacha mwisho lililo zito. Mtoto aliyezoea kusema nani, wapi na ikawaje ana ulimi wa kujitetea. Akipigwa kupita kiasi, akitishwa, au akishikwa pasipostahili kushikwa, ataweza kusema. Lakini ulimi huo unahitaji sikio. Ajapo na kisa chake, mwacheni akimalize kwanza, kwa lugha yoyote aliyoanza nayo, hata kama ni Kikamba kilichochanganyika na Kiswahili. Msimkatize, msimkemee, wala msimtie maneno kinywani kwa kumuuliza, "Ni fulani, sivyo?" Muulizeni swali lililo wazi: "Kisha ikawaje?" Na akimtaja mtu mzima anayeheshimika, awe jamaa au mwalimu, hata awe mwalimu wa madrasa, msikilizeni vivyo hivyo. Heshima ya mtu mzima haiiondoi haki ya mtoto kusikilizwa. Palipo na hatari, ipo simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, namba 116, nayo hailipiwi.

Kumbukeni kwamba Nabii Yusuf alipomweleza baba yake ndoto ya nyota kumi na moja, jua na mwezi, baba hakumcheka wala hakumfukuza. Alimsikiliza, akamwonya dhidi ya vitimbi, na akambashiria kheri. Huo ndio mfano wa mzazi msikilizaji.

Basi usiku wa leo, baada ya Isha, zimeni televisheni robo saa, mkae mkekani, na mwanzishe: nani, wapi? Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu wa Pwani, wa Kitui, wa Makueni na wa kila mahali ndimi za kweli na nyoyo zenye kupambanua, na atupe sisi wazazi masikio ya subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.