Mmoja Akishuka, Mwingine Apande

Hapa Bariadi hatuna mfereji wala meli, na Ziwa Victoria lenyewe tunalifuata Busega. Lakini huko Peterborough, Kanada, kuna mashine ya kupandisha boti ambayo naona inawahusu sana wanandoa ambao wote wawili wana kazi.

Ilifunguliwa Julai 9, 1904, kwenye njia ya maji ya Trent-Severn. Ni mabeseni mawili ya chuma yaliyojaa maji, kila moja lina urefu wa mita 43 hivi na upana wa mita 10. Boti inaingia, lango linafungwa, halafu inanyanyuliwa karibu mita 20, kama ghorofa sita hivi! Kila beseni limekaa juu ya pistoni nene, kama jeki unayoiona gereji, na pistoni hizo mbili zimeunganishwa kwa bomba la maji. Beseni moja likishuka, maji yanasukumwa upande wa pili, na la pili linapanda.

Sasa utamu uko hapa. Hakuna injini inayoyanyanyua. Beseni la juu linaongezewa maji ya kina cha sentimita 30 tu, ambayo ni kama tani 130. Koki ya bomba ikifunguliwa, ndani ya dakika moja na nusu limeshafika chini. Boti yenyewe haiongezi uzito, maana ikiingia inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake. Lililofika chini linamwaga yale maji ya ziada, na lililopanda ndilo linalojazwa. Zamu imegeuka.

Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya pili Dar, mume wangu alibaki na watoto wawili, mshahara mmoja na shamba la pamba ili ada itimie. Miaka miwili. Mtaani wakasema eti kakaliwa. Maneno ya watu hayakuanza leo. Hata Richard Birdsall Rogers, injinia aliyebuni mashine ile, alikosolewa kwenye ripoti mpaka akajiuzulu mwaka 1906. Mashine yake bado inapandisha boti.

Sasa mimi nimepanda cheo, na yeye ndiye mwenye barua ya chuo. Ndugu zangu wananiambia, "Dada, ukishafika juu usikubali kurudi nyuma, mwanaume atajitafutia." Ushauri huo nimeusikia ukitolewa kwa wake wengi, na kwa waume pia, wala siukubali. Aliye juu ndiye anayebeba ule uzito wa ziada.

Gari tumeuza, ada ya muhula wa kwanza nimelipa. Ila koki ikifungwa hakuna anayepanda wala anayeshuka, kwa hiyo tumekubaliana: simu kila usiku, na hesabu zote za pesa kwenye daftari moja, hata zile za kutuma kwa wakwe. Anaondoka Oktoba. Pamba ya msimu huu nitaisimamia mimi.