Sikuahirisha akika kwa kuogopa mvua

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha hapa Minneapolis tangu alfajiri hadi magharibi. Mvua tupu, maji yakitiririka kwenye mifereji ya paa, hata chembe moja nyeupe haikuonekana. Na mimi ndiye niliyeandika kwenye kundi letu la WhatsApp, Alhamisi usiku, kwamba akika ya mtoto wa mdogo wangu imesogezwa mbele wiki moja kwa sababu theluji inakuja. Ilipofika saa nane mchana mtu mmoja alituma picha ya dirisha lake, matone kwenye kioo, bila neno lolote. Mwingine akauliza hiyo theluji imeteremkia wapi. Kaka yangu, ambaye sijui nani alimfikishia habari, akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Dada, siku hizi na nyie mnaahirisha shughuli kwa mvua?"

Imeniuma. Nimeamua kuandika ninachokijua kuhusu utabiri wa Machi wa huku, maana wiki inayokuja imebeba mambo yaleyale na akika imepangwa Jumamosi.

Utabiri nilioufuata ulisema Jumamosi kuna uwezekano wa asilimia 60. Watu wengi kwenye kundi waliisoma namba hiyo kama ahadi. Haisemi kwamba asilimia 60 ya jiji italowa, wala kwamba mvua itachukua asilimia 60 ya siku. Inasema kwamba hapo uliposimama wewe, katika muda uliotajwa, kuna nafasi sita kati ya kumi za kupata maji yanayopimika, na kipimo cha chini kabisa ni sehemu moja ya mia ya inchi. Hayo ni maji ya kulowesha lami tu. Namba hiyo haikuambii yatakuwa mengi au machache, wala kama yatashuka maji au theluji. Jumamosi yalishuka maji. Utabiri ulitimia, jamani.

Kiasi cha theluji kina namba yake, na namba yake ilikuwa inchi 5 hadi 9. Kwa hesabu ya mkono, inchi moja ya maji huweza kutoa kama inchi 10 za theluji. Ya Machi mara nyingi huwa chini ya hapo kwa sababu ni mbichi na nzito, ukiichota kwa beleshi mgongo unakuambia. Sasa, maji hayo hayo yakikuta hewa ya nyuzi 31 za Fahrenheit yanafunga barabara, na yakikuta nyuzi 36 yanapita mtaroni. Tofauti ni nyuzi tano, ambazo kwa hesabu ya nyumbani hazifiki hata nyuzi tatu za Selsiasi. Rafiki yetu anayeishi St. Cloud, kilomita kama 100 kaskazini-magharibi mwetu, siku hiyohiyo alitumia asubuhi nzima kufukua gari lake. Picha yake hakuna aliyeijibu kwenye kundi.

Kwa nini mstari kati ya mvua na theluji unahamahama hivyo? Katikati ya Marekani hakuna mlima wa kuzuia kitu. Baridi ya Kanada inashuka ikiteleza kwenye tambarare, na unyevu wa vuguvugu wa Ghuba ya Meksiko unapanda kwa njia ileile. Machi ndio mwezi wanaokutana wote wawili wakiwa bado na nguvu. Dhoruba nyingi kubwa za msimu huu huzaliwa upande wa mashariki wa Milima ya Rocky, mara nyingi Colorado, kisha husafiri kuelekea kaskazini-mashariki. Kitovu cha dhoruba kikipita kusini-mashariki mwetu, sisi tunabaki upande wa baridi, na hapo ni theluji. Kikisogea na kupita kaskazini-magharibi, hewa ya joto inatufikia. Siku mbili kabla, dhoruba yenyewe bado iko mbali magharibi, na watabiri wanasema kile ambacho mtu mkweli anaweza kukisema.

Wana ngazi zao. Ya kwanza ni ya kukuambia ujiandae, dhoruba inawezekana. Nyingine ni onyo lenyewe, dhoruba imeshafika au iko mlangoni. Alhamisi tulikuwa kwenye ngazi ya kujiandaa. Onyo, kama lingekuja, lingekuja Ijumaa jioni. Lakini mwenye bucha ya nyama halali alitaka jibu Ijumaa asubuhi kabla ya kuchinja mbuzi wawili, na mchele wa watu sitini hauanzi kuchambuliwa usiku wa manane. Saa ya utabiri na saa ya mpishi hazilingani. Nilikata shauri kwa saa ya mpishi.

Na kuna jambo ambalo kaka yangu wa Tanga hawezi kulijua, ila wale wa hapahapa wanaonilaumu wanalijua vizuri: magari. Theluji ikianguka ya kutosha, jiji la Minneapolis hutangaza hali ya dharura ya theluji, na kuanzia hapo kuna siku tatu za sheria ya kuegesha. Natumia saa zetu. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, huruhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara zilizoteuliwa kuwa njia za dharura. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, mitaa mingine yote, upande wa nyumba zenye namba shufwa unatakiwa uwe wazi. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa witiri. Magari ya kukwangua theluji yanapita yakisukuma kila kitu pembeni, na gari lililobaki mahali pasipo pake linaburutwa hadi yadi ya jiji. Mwenyewe analifuata huko, analipa faini, analipa gharama za kuburutwa, na kila siku linapolala huko deni linaongezeka.

St. Paul, ng'ambo ya mto Mississippi, ni jiji jingine lenye utaratibu wake, wa usiku na wa mchana. Nusu ya wageni wetu wanatoka huko. Ningewaalika waje mtaani kwangu Jumamosi, waegeshe kama wanavyoegesha kwao, wale pilau, wasome dua, watoke nje saa nne usiku wakute magari kumi hayapo. Mama mmoja kwenye kundi, mwenye kazi mbili za usafi, aliwahi kuburutiwa gari namna hiyo, na mshahara wa wiki ukaishia pale yadi. Nilikuwa namfikiria yeye nilipoandika ule ujumbe.

Kwa hiyo kejeli ya nyumbani naikataa. Mamlaka ya Hali ya Hewa kwetu inatoa utabiri wa masika kwa msimu mzima, Machi hadi Mei, kwa maneno kama wastani hadi juu ya wastani, na sisi tunausikiliza kama habari za nchi nyingine. Turubai linafungwa, ikija mvua watu wanasogea katikati. Bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam linafurika mara kwa mara, na watu wakiambiwa wahame wanajibu wamezoea. Tumeufanya uzembe kuwa ushujaa, na anayechukua tahadhari anaitwa mwoga. Ningependa kaka yangu alifikirie hilo kabla ya kurekodi sauti nyingine.

Ila na mimi nilidanganywa na nchi hii mwanzoni. Nilifika Januari 2012, na Machi yangu ya kwanza ilikuwa ile ya ajabu: tarehe 17 joto lilifika nyuzi 80, yaani kama 27 za kwetu, watu wakiwa na kaptura kando ya maziwa. Nikampigia mama nikamwambia baridi ya huku inaisha Machi. Mwaka uliofuata theluji iliendelea kuanguka hadi Aprili, na mama akaniuliza mbona nasema hivi na hivi. Kisha 2018, tarehe 13 hadi 15 Aprili, zikaanguka zaidi ya inchi 14 hapa jijini kwa dhoruba moja. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka mitano, akasimama kwenye kochi akiangalia gari letu likipotea kidogokidogo, kwanza tairi, halafu mlango, halafu kioo.

Nadhani ndipo alipoanza. Sasa ana kipimajoto nje ya dirisha la jikoni na daftari la kurasa 96, na kila asubuhi anaandika namba kabla ya kunywa chai. Anazigeuza kwa Selsiasi ili amsomee bibi yake kwenye simu. "Bibi, leo ni moja." Bibi anauliza moja ya nini. Anamweleza kwa subira kila mara, na Kiswahili chake kwenye mambo haya kimenyooka kuliko anapozungumza nami habari za shule.

Mdogo wake wa miaka sita ni shida nyingine. Kwao darasani walibandika maua ya karatasi ukutani tarehe 20, mwalimu akawaambia majira ya kuchipua yameanza, na tangu siku hiyo hataki koti. Kwake mwalimu amesema, basi. Watoto hutolewa nje kucheza hata kukiwa na baridi kali, kwa hiyo bado namfungashia suruali ya theluji, buti na glavu, na anarudi na glavu moja. Hivi karibuni nilikwenda kutafuta kwenye boksi la vitu vilivyopotea shuleni: glavu zipatazo arobaini, zote za mkono mmoja. Nilisimama pale nikaikumbuka Tanga, mtoto anatoka asubuhi na gauni lake moja na anarudi nalo, na nikaona nchi hii inawachosha kina mama bure.

Sasa wiki inayokuja. Jumatatu na Jumanne jua, nyuzi 50 na kitu. Jumatano mvua. Alhamisi usiku upepo unageuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi na joto linashuka chini ya 30. Ijumaa jioni hadi Jumamosi, asilimia 40, huenda mvua, huenda theluji. Nilikuwa naandika hayo kwenye kundi pale mkubwa alipokuja kusimama nyuma yangu.

Akaniambia, "Mama, safari hii umeandika huenda. Ile ya Alhamisi hukuandika."

Nilirudi juu nikausoma ujumbe wangu wa wiki iliyopita. Ni kweli, ulisema theluji inakuja, bila huenda. Sikumjibu mara moja. Baadaye tukakaa wote wawili mezani, nikamwacha aandike yeye ule mpya: akika ni Jumamosi, mbuzi wanachinjwa hata iweje, na wageni wote waegeshe kwenye uwanja wa msikiti, ambako magari hayaburutwi, waje kwa miguu, ni mwendo wa dakika nne. Alipima hizo dakika mwenyewe, kwenda na kurudi, bila kofia.

Usiku huu kipimajoto cha jikoni kinasoma 34. Ameniomba aamke mapema akakiangalie kabla hakujapambazuka. Nimemwambia baada ya swala.