Kwa Baiskeli Mpaka Kaole: Lijue Jua Kabla Halijakujua

Kama una baiskeli, au unaweza kuazima ya kaka yako, basi twende wote Bagamoyo. Ni mji wa pwani, kama kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam ukielekea kaskazini. Kutoka mjini hapo hadi magofu ya Kaole ni kilomita 5 tu. Kwa baiskeli si mbali. Lakini kwanza nikusimulie jinsi safari hiyo fupi ilivyonitoa jasho, la mwili na la hofu.

Nilikuwa naongoza vijana tisa wa klabu ya afya. Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mmoja akachelewa, mwingine akapata pancha, na mimi mwenyewe nikataka chai kwanza. Tukaondoka saa nne na nusu! Wakati wa kurudi, kijana mmoja wa kidato cha tatu, mchezaji mpira hodari, akaanza kubaki nyuma. Alikuwa amekataa kubeba maji, eti yeye si mtoto. Mara tukamwona anayumba. Akasema kichwa kinamgonga na anataka kutapika. Uso ulikuwa umempauka na shati limelowa chepechepe.

Tulimlaza kivulini, tukammwagia maji, tukampepea kwa daftari. Baada ya nusu saa hivi akaanza kutabasamu. Wenzake wakamtania, lakini mimi sikucheka. Kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyewatoa watoto wa watu kwenye jua la saa sita.

KWA NINI JUA LA PWANI HUSHINDA WATU?

Mwili wako hupenda kubaki kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Unapokanyaga pedeli, misuli hutengeneza joto jingi. Mwili hulitoa kwa jasho. Lakini jasho halikupoozi kwa kutoka tu, bali kwa kukauka juu ya ngozi. Linapokauka huondoka na joto.

Sasa, hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Jasho halikauki upesi, linadondoka tu. Unapoteza maji na chumvi, lakini hupoi. Ndiyo maana mtu aliyezoea baiskeli kule Iringa au Njombe anaweza kushangaa akifika Bagamoyo. Si kwamba ni dhaifu. Mwili unahitaji kama wiki moja au mbili kuzoea joto jipya, na hata ukizoea, bado unataka maji.

WAPAGAZI WALILIJUA HILO ZAMANI

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ng'ambo ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi mingi wakiwa na mizigo ya pembe za ndovu mabegani, mara nyingi zaidi ya kilo 25 kila mmoja. Wengine hawakuja kwa hiari. Waliletwa kama watumwa.

Je, wapagazi waliendaje na jua? Waliamka alfajiri, wakatembea kukiwa na baridi, na kwa kawaida jua lilipokuwa kali walikuwa wameshatua mizigo na kupiga kambi. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua. Watu waliokuwa wakitembea kutoka Tanganyika hawakuona aibu kupumzika kivulini. Wewe wa kilomita 10 unaona aibu ya nini?

NJIA YENYEWE

Anzia misheni ya Kikatoliki, iliyofunguliwa mwaka 1868, upande wa kaskazini wa mji. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Toka kwa njia ya miembe mikubwa, kisha pita polepole Mji Mkongwe. Utaona milango ya kuchonga, na Boma la Wajerumani ambao makao yao makuu yalikuwa hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hapa ukumbuke kengele: watoto na mbuzi hawatazami kushoto na kulia.

Endelea kusini kupita Ngome Kongwe, ushike barabara ya Kaole. Sasa unaingia kwenye minazi na mchanga. Baiskeli ya gia yenye matairi mapana inafaa zaidi. Kwenye mchanga mzito punguza upepo kidogo, tumia gia nyepesi, usikate kona ghafla. Ukishindwa, shuka usukume. Hakuna anayekupa alama.

Kaole kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Ukitazama baharini utaona mikoko tu. Ni mahali pa ibada na maziko, kwa hiyo egesha baiskeli nje, usipande juu ya kuta.

Vipi kuhusu kurudi kwa njia ya ufukweni? Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na unateleza vizuri. Lakini uliza wavuvi kwanza, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, kwani maji hujaa sana. Usipite peke yako, maana ni sehemu zenye upweke. Ukifika, osha baiskeli kwa maji baridi na upake mnyororo mafuta, la sivyo chumvi itaula.

KABLA HUJAONDOKA

- Ondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa nne uwe umerudi.
- Beba maji yasiyopungua lita moja na nusu, na unywe kidogo kidogo. Usisubiri kiu.
- Kagua breki zote mbili, upepo na mnyororo. Beba pampu na kiraka.
- Vaa kofia ngumu. Goti likichubuka litapona. Ubongo ukiumia ni habari nyingine.
- Kula asubuhi, hata uji na kiazi.
- Msiache mtu nyuma. Anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayepanga mwendo.

Angalia pia mkojo wako. Ukiwa wa rangi hafifu, poa. Ukiwa wa rangi ya chai, mwili unadai maji.

MWENZIO AKIZIDIWA

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu yake kidogo, legeza nguo, mmwagie maji na kumpepea. Mpe maji au dafu kidogo kidogo. Unaweza pia kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kupimwa bapa.

Akianza kusema ovyo, akizimia, au mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Usimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa. Mmwagie maji mengi mfululizo, na papo hapo tafuteni gari la kumpeleka hospitali.

NA WASICHANA JE?

Siku ile tulikuwa na wasichana wanne. Mmoja alikaa kwenye keria safari nzima. Baadaye akaninong'oneza: nyumbani walimwambia baiskeli hutoa bikira, na hakuna atakayemwoa.

Dada yangu, sikiliza. Bikira ni kutowahi kufanya mapenzi. Huo utando unaosemwa hutofautiana kwa kila msichana: wengine wana mdogo sana, na unaweza kutanuka au kubadilika kwa sababu nyingi. Hauwezi kuonyesha kama mtu amewahi kufanya mapenzi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwani hauna msingi wa kitaalamu. Kama wazazi wana wasiwasi, mwombe shangazi au mwalimu azungumze nao kwa heshima.

Mara ya pili tulipokwenda Kaole tuliondoka saa kumi na mbili na nusu kamili. Chai tulikunywa tuliporudi. Yule mchezaji mpira alibeba chupa mbili, na moja akampa yule dada, aliyekuwa mbele yetu sote akiendesha mwenyewe.