Karieri za Lualaba: mawe tele, ya kuuza machache

Wakubwa wa mkoa hupenda kusema kwamba Lualaba ina mawe ya kutosha barabara na majengo yote. Kwa ramani ni kweli, ila malori hayapakii ramani. Mfanyabiashara mmoja wa kokoto mjini Kolwezi analalamika kwamba alilipia kibali cha karieri, yaani machimbo ya mawe, akakata njia ya malori, akakopa mashine ya kuponda, kisha nyuma ya uso mgumu wa mwamba wa dolomaiti akakuta mapango yaliyojaa udongo mwekundu. Kokoto zikatoka na matope, wateja wa zege wakazikataa, deni likabaki palepale. Kinachomuuma zaidi ni kwamba ada huhesabiwa kwa ukubwa wa eneo, na hakuna ofisi iliyomuuliza chini yake kuna nini.

Ana haki ya kulalamika. Miamba ya Kolwezi ilisukumwa na kuvunjwa zamani mno, ikabaki vipande, vingine vya mita chache, vingine vya kilomita nzima, vimezungukwa na mawe yaliyosagika. Karieri huanza vizuri ndani ya kipande kimoja, kikaisha ghafla, ukaingia kwenye mwamba laini usiofaa hata kujazia shimo la barabara. Dolomaiti nayo huliwa polepole na maji ya mvua yanayopenya. Ndiyo asili ya mapango, na ndiyo sababu masika yakianza pampu hunywa mafuta kuliko malori. Hata kukuta shaba au kobalti si bahati, maana kibali cha karieri hakimpi mtu haki ya madini hayo.

Wapo wanaosema yapondwe mawe ya taka yaliyorundikwa na migodi mikubwa. Baadhi yanafaa. Lakini mengi yamechanganyika na udongo, na miamba ya ukanda huu ina urani katika baadhi ya sehemu, ikiwemo Musonoi karibu na Kolwezi; kuyamwaga chini ya nyumba za watu bila kupimwa ni hatari. Wengine husema kutoboa ardhi kabla ya kuchimba ni anasa ya matajiri. Lakini mitaro, vipimo vya umeme ardhini na matundu machache hugharimu kidogo kuliko mashine iliyolala, ingawa matundu hayo nayo yanaweza kupita kati ya mapango mawili yasiguse hata moja.

Migodi ikiendelea kujenga, huenda bei ya kokoto ikasimama. Haitamsaidia aliyeweka mashine juu ya tope. Anayekopesha karieri adai kwanza ripoti ya matundu. Kauli kwamba mawe ni tele si dhamana.