Nyota Zinazodunda katika Mafungu ya Mawingu ya Magellan

Baadhi ya nyota hutanuka, hunywea, kisha hutanuka tena, na mwanga wake huongezeka na kupungua kwa kipimo kile kile cha muda, mwaka baada ya mwaka. Hizo ndizo nyota zinazodunda. Zimo nyingi katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, lakini zile zilizowafundisha wanafalaki mambo makubwa zaidi ziko nje yake, katika galaksi mbili ndogo za jirani: Wingu Kubwa la Magellan, lililo umbali wa miaka ya nuru 162,000 hivi, na Wingu Dogo, lililo karibu miaka ya nuru 200,000. Kwa macho matupu huonekana kama vipande viwili vya ukungu mweupe upande wa kusini. Aliye Ulaya hawezi kuyaona. Aliye Mtwara, Zanzibar au Nairobi huyaona usiku wa Desemba na Januari, chini kuelekea kusini, mradi awe mbali na taa za mji na anga liwe safi.

Kinachoifanya nyota idunde ni heli, gesi ya pili kwa wingi ndani yake baada ya hidrojeni. Chini kidogo ya uso wa nyota, pale joto linapofika nyuzi 40,000 hivi, atomi za heli hupoteza elektroni zake zote mbili, na heli ya namna hiyo huzuia mwanga usipite kwa urahisi. Nyota inaponywea, tabaka hilo hubanwa, huzidi kupata joto na kuzuia nishati inayopanda kutoka ndani, kama kifuniko kilichokaza juu ya sufuria inayochemka. Msukumo hukua mpaka tabaka linasukumwa nje. Likitanuka hupoa, atomi hurudishiwa elektroni, mwanga hupata njia, na uzito wa nyota huvuta kila kitu kurudi chini. Hapo mzunguko huanza upya. Arthur Eddington, mwanafizikia wa Uingereza, alikwisha kuona mapema katika karne ya 20 kwamba lazima pawe na kizuizi cha aina hii. Kwamba kizuizi chenyewe ni heli kulionyeshwa katika miaka ya 1950 na Sergei Zhevakin wa Umoja wa Kisovieti. Si kila nyota hudunda. Ikiwa na joto kupita kiasi, tabaka la heli hukaa karibu mno na uso na halina gesi ya kutosha. Ikipoa kupita kiasi, gesi hutokota na kupandisha joto yenyewe, na kizuizi hakifanyi kazi.

Aina mbili ndizo muhimu hapa. Sefeidi ni nyota kubwa na changa, zenye uzito wa Jua mara 4 au zaidi, zinazodunda kwa muda wa siku moja hadi siku 100 na ushei. Nyota za RR Lyrae ni nyepesi kuliko Jua, zina umri unaozidi miaka bilioni 10, na mdundo mmoja hauchukui hata siku nzima.

Thamani ya Sefeidi iligunduliwa na Henrietta Swan Leavitt wa Kituo cha Falaki cha Harvard, Marekani. Kwa kuchunguza picha za vioo zilizopigwa Arequipa, Peru, mwaka 1908 alitangaza nyota 1,777 zinazobadilika mwanga katika Mawingu hayo mawili. Mwaka 1912 alitoa hesabu ya 25 za Wingu Dogo, ambazo midundo yake ilichukua kuanzia siku 1.25 hadi siku 127, na akaonyesha kwamba kadiri mdundo unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Kwa kuwa nyota zote hizo ziko umbali unaokaribiana, tofauti za mwanga wake zilikuwa za kweli. Kuanzia hapo, mwenye saa na subira aliweza kujua mwangaza halisi wa nyota, na kwa kuulinganisha na mwanga unaoonekana, akapata umbali. Ni vigumu kutaja ugunduzi mwingine wa falaki uliofungua mlango mpana kama huo.

Hata hivyo, nyota inayodunda ikiwa peke yake haisemi ina umri gani wala ilizaliwa na uzito kiasi gani. Nyota iliyo ndani ya fungu inasema. Fungu la nyota, ambalo mfano wake unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Kilimia, huzaliwa kutoka wingu moja la gesi kwa wakati mmoja. Wenzake wakichunguzwa, umri wa fungu zima hupatikana, na kutoka umri huo uzito wa nyota inayodunda. Katika Njia Nyeupe, mafungu machanga yenye Sefeidi kwa kawaida huwa na moja au mbili tu. Mawingu ya Magellan yana mafungu mazito na machanga ambayo galaksi yetu haina mengi ya kulingana nayo, na pia yana mafungu mazee sana.

Mafungu hayo mazee ndiyo yaliyorekebisha ukubwa wa ulimwengu, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Afrika. Katika Kituo cha Radcliffe, Pretoria, David Thackeray na Adriaan Wesselink walitumia darubini yenye kioo cha mita 1.9 kutafuta nyota za RR Lyrae katika mafungu kama NGC 121 la Wingu Dogo na NGC 1466 la Wingu Kubwa. Walizipata, lakini zilikuwa hafifu karibu mara nne kuliko umbali uliokubaliwa wakati huo ulivyodai. Maana yake ilikuwa moja: Mawingu yako mbali mara mbili ya ilivyodhaniwa, na kipimo cha Sefeidi kilikuwa na kosa. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1952 Rome, katika mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki, pale pale ambapo Walter Baade, aliyekuwa akichunguza galaksi ya Andromeda kutoka California, alitoa hoja iyo hiyo. Umbali wa galaksi ukaongezwa mara mbili, na umri wa ulimwengu pamoja nao. Kabla ya hapo umri huo ulikadiriwa kuwa miaka bilioni 2 tu, pungufu ya umri wa miamba ya Dunia, jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Baade hutajwa katika kila kitabu. Pretoria inastahili kutajwa naye.

NGC 1466 halikuishia hapo. Mwaka 1939 Pieter Oosterhoff wa Uholanzi aligundua kwamba mafungu mazee ya Njia Nyeupe yamegawanyika: katika baadhi, wastani wa mdundo wa RR Lyrae za kawaida ni siku 0.55 hivi, na katika mengine ni 0.65, huku katikati pakiwa karibu patupu. Mafungu kadhaa ya Wingu Kubwa, NGC 1466 likiwemo kwa wastani wa siku 0.59, yanaangukia kwenye pengo hilo. Hiyo ni hoja nzito dhidi ya dhana kwamba sehemu kongwe za galaksi yetu zilijengwa kwa kumeza galaksi ndogo zinazofanana na Mawingu ya leo.

Kwa upande wa mafungu machanga, NGC 1866 la Wingu Kubwa halina mpinzani katika utafiti. Umri wake hukadiriwa kati ya miaka milioni 100 na 200, na lina Sefeidi zaidi ya 20, nyingi zikidunda kwa siku tatu hivi, kila moja ikiwa na uzito wa Jua mara 4 hadi 5. Nyota kama hizi ziliibua tatizo la muda mrefu: uzito uliokokotolewa kutokana na nadharia ya maisha ya nyota ulizidi ule uliotokana na mdundo wenyewe. Mwaka 2010 Sefeidi moja ya Wingu Kubwa iliyo katika jozi ya nyota zinazopatwana, ambayo uzito wake uliweza kupimwa moja kwa moja, ilipatikana kuwa na uzito wa Jua mara 4.1 hivi. Mdundo ndio uliosema kweli, na nadharia ikabidi irekebishwe.

Kazi ndani ya fungu si nyepesi. Katikati nyota husongamana hata mwanga wa majirani hujiongeza kwenye nyota inayopimwa, nayo huonekana angavu na karibu kuliko ilivyo. Ndiyo maana darubini ya angani ya Hubble imekuwa ya lazima katika mafungu yaliyobana zaidi, ilhali mradi wa OGLE wa Poland, unaofanya kazi Las Campanas, Chile, tangu mwaka 1992, umeorodhesha katika Mawingu yote mawili Sefeidi zaidi ya 9,000 na RR Lyrae zaidi ya 45,000.

Mwaka 2019 umbali wa Wingu Kubwa ulipimwa kwa nyota zinazopatwana, kwa ukosefu wa uhakika wa asilimia 1 tu. Sefeidi zake sasa ni mojawapo ya misingi ya kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, na njia hiyo hutoa kilomita 73 hivi kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Mionzi iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu hutoa 67. Wanaochunguza tofauti hiyo huangalia pia athari ya elementi nzito katika nyota, kwani Wingu Kubwa lina takriban nusu ya zile za Jua na Wingu Dogo lina chache zaidi, na Sefeidi zenye mdundo sawa katika galaksi hizo hazing'ai sawasawa kabisa.