Sarafu za Dhahabu (Sehemu ya Pili): Falanga Tano za Katanga

Wiki iliyopita tuliizungumzia sarafu nzito ya Manuel I, mfalme wa Ureno, iliyoanza kupigwa mwaka 1499: gramu 35 hivi za dhahabu, na upande mmoja msalaba wa Shirika la Kristo. Leo turudi nyumbani. Katanga nayo ilitoa sarafu ya dhahabu yenye msalaba, ila msalaba huo haukutoka kanisani.

Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Mwaka 1961 Benki ya Taifa ya Katanga ikatoa falanga moja na falanga tano za bronzi, zenye picha ya ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Falanga tano zikapigwa pia kwa dhahabu, zipatazo 20,000, kwa ajili ya wakusanyaji. Mchoro ni ule ule, upana ni ule ule, milimita 26. Tofauti iko kwenye mizani: ya bronzi ina gramu 6.5, ya dhahabu gramu 13.33, na kati ya hizo 12 ni dhahabu tupu. Kwa hiyo ukiletewa “dhahabu ya Tshombe”, ipime kwanza. Bronzi iliyopakwa rangi ya dhahabu haiwezi kufikia uzito huo.

Lakini kwangu mimi thamani kubwa iko kwenye ule msalaba. Wahunzi wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu muda mrefu kabla ya Wazungu kufika. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo makaburini, mingine karibu na mikono ya marehemu. Kadiri karne zilivyopita, ilizidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, na wataalamu wanaona hapo dalili ya fedha ya kuhesabiwa. Benki ya 1961 iliweka fedha ya wazee wetu juu ya fedha mpya, nami nasema ilichagua vema.

Lakini utengano uliozaa sarafu hizo ulileta vita pia: Septemba ya mwaka huo huo, hapa Likasi, wakati huo Jadotville, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na askari wa Katanga hadi wakajisalimisha. Januari 1963 utengano ukaisha, sarafu zikabaki. Mwenye falanga hizo nyumbani, hata za bronzi, asizisugue kwa mchanga wala ndimu: mkusanyaji hupunguza bei mara moja akiona mikwaruzo.

Itaendelea.