Fahamu: Kwa nini sakafu inayoonekana hupanua chumba
Katika nyumba za bei nafuu zinazojengwa Kenya, makazi ya chumba kimoja huwa na mita za mraba 20 hivi. Kitanda cha futi tano kwa sita peke yake hula karibu tatu. Ongeza seti ya sofa ya watu saba na meza ya kioo katikati, basi mtu anapita kiubavu. Rangi nyeupe husambaza mwanga, kweli, lakini jicho hupima nafasi kwa sakafu linayoiona. Ndiyo maana kiti chenye miguu mirefu na rafu iliyopanda hadi darini husaidia kuliko rangi yoyote. Wapo watakaouliza wageni watakaa wapi bila seti hiyo ya sofa. Ni swali la haki, maana kwetu mgeni haachwi amesimama; ila wageni huja Jumapili, na stuli zinazopachikana hutoshea kwenye kona moja wiki nzima.